Mtoto Mchanga Hawezi Kusema Anaumwa Wapi
Mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi wa Emali



Chukueni mfano wa mama aliyejifungua siku 12 zilizopita. Tangu jana mtoto ananyonya kidogo tu, kisha analala. Halii. Majirani wanamsifu kuwa ni mtoto mpole. Nyanya anasema ni tumbo, anunuliwe dawa ya gesi. Baba anamgusa, anamwona ana joto, anasema ni jua la Emali. Wote wanampenda mtoto, lakini huenda wote wamekosea.

Mtu mzima mwenye maambukizi ya njia ya mkojo husema anachomeka anapoenda haja ndogo. Mtoto mchanga hana maneno hayo. Kwake ugonjwa huu hujitokeza kwa dalili zisizo wazi: kukataa kunyonya, kulegea, kutapika, kulia bila kutulizika, kutoongeza uzito, au macho na ngozi kubaki za manjano baada ya wiki mbili. Mwili unaweza kuwa moto, na unaweza pia kuwa baridi kuliko kawaida. Kwa hivyo kukosa homa si ushahidi kwamba mtoto ni mzima.

Mara nyingi chanzo ni bakteria wanaoishi tumboni. Kinga ya mtoto mchanga bado ni changa, na bakteria hao wanaweza kushambulia figo na kuenea katika damu upesi. Hapo maisha yake yako hatarini. Katika miezi ya kwanza wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Mvulana ambaye mkojo wake hutoka matone matone bila nguvu anafaa kuchunguzwa, kwa maana njia inaweza kuwa imeziba.

Mzazi afanye nini? Kazi yake si kutambua ugonjwa, bali kutambua mabadiliko. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri akiacha, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo ikiwa kipima joto kwapani kinaonyesha nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akipata degedege, au asipojigeuza wala kusonga mpaka aguswe. Asiye na kipima joto amwite mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, lakini asichelewe akimngoja. Njiani mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na aendelee kunyonyeshwa ikiwa anaweza. Msisahau kijitabu cha kliniki.

Msinunue dawa ya maji ya kuua bakteria kwenye duka la dawa kwanza. Huenda ikaficha ugonjwa kabla ya mkojo kupimwa, na haitoshi kwa mtoto wa umri huu. Hospitalini mkojo huchukuliwa kwa njia safi, wakati mwingine kwa mpira mwembamba, kwa sababu ule wa kwenye nepi huchanganyika na uchafu na kutoa majibu ya uongo. Kwa kawaida mtoto hulazwa, hupewa dawa kwa sindano, na baadaye figo zake huweza kupigwa picha. Akiwahi, wengi hupona kabisa.

Kinga huanza mapema. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na apimwe mkojo. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala dawa za kienyeji. Nepi ibadilishwe mara kwa mara, na msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Mvulana asivutwe ngozi ya mbele kwa nguvu.

Akina nyanya, nyinyi ndio mnaoulizwa kwanza nyumbani. Mkisikia mtoto mchanga ameacha kunyonya, jibu lenu liwe moja: apelekwe hospitali leo.