Kasie yetu wanaiomba, ya wakubwa nani anaiomba?
Maneno kwa vijana wa Bweremana



Leo tunaongea juu ya makaratasi. Munajua tangazo la kazi la ONG linavyokuwa: diplome, barua, kadi ya uchaguzi, atestasio ya mwenendo mwema, na mara nyingi kasie judisieri, ile karatasi ya parke inayoonyesha kama uliwahi kuhukumiwa. Siku za kuweka dosie ni tano. Kazi yenyewe ni kugawa maharagwe kwa wakimbizi, miezi mitatu, halafu kwaheri.

Hatusemi uchunguzi uondolewe. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, kule Beni na Butembo, wanawake waliambiwa watoe mwili ndipo wapate kazi. Tume huru ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Tangu 2019 kuna mpango wa mashirika ya misaada kuulizana kabla ya kuajiri: huyu mtu alifukuzwa kwenu kwa kunyanyasa wanawake? Swali hilo tunalitaka, liulizwe hata mara mbili. Lakini kasie safi haimzuii mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshitaki. Na aliyeomba mwili wa dada yetu hakuwa kijana mwenye kutafuta kazi. Alikuwa na kazi tayari, ndiye aliyekuwa anaigawa.

Sasa tuangalie njia. Wengi wetu kasie tulikuwa tunaitafutia Goma. Februari 2024 vita vilifika Shasha, barabara ya Sake ikakatika, tukabaki na ziwa tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, imejaa watu, karibu kabisa na bandari. Ni ziwa hilohilo kijana wa hapa aliambiwa avuke kwa ajili ya karatasi moja. Na ulipofika ofisini, kulikuwa na bei na kulikuwa na matabishi, na matabishi hayakuwa na risiti.

Kadi nayo? Masisi hatukupiga kura Desemba 2023, na kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu. Wengi waliofikisha miaka 18 kipindi kile hawana kitu cha kuonyesha. Wanajibiwa: dosie haijakamilika. Serkali ndiyo haikutoa kadi, kijana ndiye anakosa kazi!

Tena kuna hukumu na hukumu. Februari 2016, usiku wa kuamkia mji mfu, wanaharakati sita wa LUCHA walikamatwa Goma wakitengeneza mabango. Mahakama ikasema walichochea uasi; baada ya rufaa ikabaki miezi sita, wakafungwa Munzenze. Mtu kama huyo akiomba kazi ya kuhesabu magunia, karatasi ya parke itasema amehukumiwa. Haitasema ni kwa sababu ya bango. Anayeajiri lazima aulize kosa lilikuwa nini na linagusa nini kwenye kazi hiyo. Aliyeiba pesa ya shirika, sawa, asipewe kasha. Aliyeshika bango?

Tunachodai kwa wanaoajiri hapa si kigumu. Kasie iombwe kwa yule aliyekwisha kuchaguliwa, si kwa kila anayeweka dosie, na shirika ndilo lilipie. Asiye na kadi akubaliwe kwa mashahidi wa mtaa wake. Na shefu anayeletwa kutoka mbali kuja kuongoza mradi, naye aulizwe alikotoka, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ili tusiende na maneno matupu, kila mmoja aandike: karatasi gani, siku gani, franga ngapi, na kama ulipewa risiti. Musiweke majina ya maafisa kwenye grupu ya WhatsApp, tuletee mkononi. Wasio na kadi wabaki kidogo, tunaanza kuwaandika sasa hivi.