Badilisha Laini

Msikilizaji, tuanzie Mwanjelwa, Mbeya. Mchukue mama yeyote anayeuza mchele wa Kyela pale sokoni. Namba yake ya simu ameiandika kwa maka peni kwenye kipande cha boksi, akakibandika mbele ya magunia. Bila namba hiyo hauzi. Mteja wa Tunduma anaagiza kwa simu, wa Makambako anaagiza kwa simu, na hela inaingia kwa simu.

Sasa anapita mwanaume mmoja. Hanunui hata kilo, anainakili namba tu. Akifika kijiweni anajifanya anamtumia yule mama shilingi elfu moja, na kabla hajaweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina. Anaghairi. Hajatumia hata senti moja, na jina analo. Jioni analitafuta Facebook. Anakuta picha za watoto, sare za shule, kwaya ya kanisani, geti la nyumba kule Iyela.

Utaratibu wa jina kutokea kabla ya kutuma hela siupingi. Umeokoa pesa nyingi zilizokuwa ziende kwa mtu asiyehusika. Lakini aliyeuweka alimfikiria mtumaji. Mwenye namba hakufikiriwa sana.

Na si sokoni peke yake. Ukikata tiketi ya basi stendi ya Igumbilo, Iringa, unataja jina na namba. Gesti unajaza kitabu. Getini kwenye ofisi mlinzi anakusogezea daftari: jina, namba, unatoka wapi, unamfuata nani. Daftari lenyewe liko wazi mezani, na anayekuja nyuma yako anawasoma wote waliotangulia. Kamati ya harusi inakuingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu ambao nusu yao hujawahi kuwaona. Binti anayesoma Mkwawa akitaka kuprinti kazi ya chuo anamrushia mwenye steshenari faili kwa WhatsApp. Karatasi anaondoka nazo, namba inabaki dukani. Halafu sisi tunakwenda kuwafanyia mabinti semina ya kuweka neno la siri gumu!

Basi usumbufu unaanza. Meseji inaingia saa nane usiku. Mwanamke akiifungia namba ile, inakuja nyingine. Anaambiwa rangi ya gauni alilovaa jana. Akisema nyumbani, akiwaambia mashoga zake, wakati mwingine hata akimweleza mtu ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko kama hayo, jibu ni moja: badilisha laini.

Wanaoshauri hivyo hawana nia mbaya. Ila hebu tupige hesabu kwa yule mama wa mchele. Namba ile ndiyo duka lake. Ndiyo aliyoandikisha shuleni kwa mtoto, ndiyo iliyoko kwenye kikoba, ndiyo wanayoijua wakulima wa Kyela wanaompa mzigo kwa mali kauli. Akiibadilisha anaanza biashara upya. Anayemsumbua hapotezi kitu, anangoja wiki mbili tu aione namba mpya kwenye boksi lile lile.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na hapa kwetu tumewahi kuona makosa ya mtandao yakishughulikiwa upesi. Julai 2024, mahakama wilayani Rungwe ilimtia hatiani kijana mchoraji aliyechoma picha ya Rais na kutoa maneno makali kwenye video. Alipewa faini ya milioni 5 au jela miaka 2, na kutoka kukamatwa hadi hukumu zilipita siku chache. Hukumu ile imebishaniwa sana, leo siiingii. Ninachotaka kusema ni kwamba, kumbe, vyombo vyetu vikiamua, vinaweza.

Maana vifaa wanavyo. Tulipanga foleni za vitambulisho vya NIDA mwaka 2019 hadi ile siku ya mwisho iliyosogezwa, tarehe 20 Januari 2020, tukaambiwa kila laini sasa ina kidole cha mwenyewe. Tukakubali. Kwa hiyo mwanamke huyu leo anajulikana serikalini, anajulikana kwa wakala, anajulikana kwa mlinzi na kwa mwenye steshenari. Asiyejulikana ni anayemtumia meseji saa nane usiku.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowashuku wanawake wanaotumia majina ya bandia mtandaoni. Kama huna cha kuficha, wanasema, unaficha jina la nini? Mwanamke wa Mafinga anayetaka kuuliza afanyeje na mume anayempiga hawezi kuuliza kwa jina ambalo shemeji yake analisoma. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums alipokamatwa Desemba 2016, shauri likiwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji, wengi tuliona ni mambo ya siasa na wafichua maovu. Huyu wa Mafinga hatukumkumbuka. Ni kweli, jina la bandia linamsitiri hata msumbufu. Lakini polisi kwenda na kibali cha mahakama kufungua jina moja lenye tuhuma ni jambo tofauti kabisa na kuwavua watu wote.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inasema taarifa iliyochukuliwa kwa shughuli moja isitumiwe kwa nyingine. Kwa hiyo yule mlinzi anayenyofoa namba ya binti kwenye daftari la wageni na kumwandikia "mambo, umependeza leo" anadhani anatongoza. Kumbe anavunja sheria ya Jamhuri. Na ofisi yenye daftari nayo ijibu.

Mama wa mchele, kabla wenye madaftari na vyombo vya sheria hawajajirekebisha, chukua lipa namba, boksi lionyeshe jina la biashara badala ya lako. Hilo litapunguza tu. Na wewe mzee wa Kilolo unayenisikiliza, unakumbuka siku ya kusajili laini, wakala alipokwambia "alama haijasoma, weka kidole tena"? Huenda kidole kile cha pili kilisajili laini ya mtu mwingine. Bonyeza *106# uone kitambulisho chako kimesajili laini ngapi. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo ikafungwe. Inawezekana ndiyo inayotuma meseji Mwanjelwa.