Nakala Isilale Nyumba Moja na Kompyuta

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya makatibu, wahasibu, walimu wa taaluma na watunza kumbukumbu wa wilaya za Kasulu na Kibondo



Humu ukumbini wamo wahasibu wa SACCOS na AMCOS, walimu wa taaluma, makatibu wa parokia, watu wa masjala, na wenzetu waliofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Kazi zenu hazifanani. Lakini mkiulizwa nakala ya mafaili yenu iko wapi, wengi mtajibu kwamba iko kwenye flashi, na flashi yenyewe iko kwenye droo ya meza ile ile iliyobeba kompyuta. Mwizi atabeba vyote viwili, na moto hautachagua. Kwa hiyo leo sitawauzia kifaa kipya. Nitasema zaidi juu ya mahali pa kuweka nakala, na juu ya nani mwingine anayeweza kuifungua mkiwa hampo.

Nianze na vifo vya diski zenyewe. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu data kwa malipo, huchapisha kila mwaka hesabu ya diski zinazokufa kwenye kumbi zake. Mwaka 2023 zilikufa kama 14 katika kila diski 1,000. Kumbukeni kwamba hizo ni diski zinazokaa kwenye ubaridi, hazihamishwi, na umeme wake hauyumbi. Za kwetu hupanda bodaboda, hula vumbi jekundu kiangazi kizima, na msimu wa mvua ukiingia hupambana na radi. Milima ya mashariki ya Kongo, huko Kivu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na sisi huku Buha, nchi ya Waha, hatuko mbali nayo.

Umeme wa gridi ya taifa ulipofika mwaka 2022 na jenereta za dizeli za Kasulu na Kibondo zikapumzika, baadhi yetu tulidhani matatizo ya kompyuta kuungua yamekwisha. Hayajaisha. Umeme bado hukatika, na hatari kubwa kwa kompyuta iko pale unaporudi, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, acha utulie kwanza kabla ya kuchomeka. Wingu likijikusanya, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Chomoeni plagi pamoja na waya wa mtandao, maana radi hupita huko pia. Kuhusu UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kazi yake ni kuwapa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima mashine kwa utaratibu. Zipo ofisi zinazoitumia kuendelea kuchapa barua gizani mpaka betri inachoka, na baada ya hapo inabaki kuwa soketi ya bei kubwa.

Sasa tuseme kompyuta tayari imekufa. Kuna shule moja ya sekondari, sitaitaja, ambayo kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikuwa na alama za wanafunzi za mihula yote, mitihani ya ndani na barua za miaka kadhaa. Radi ilipiga mchana, walimu wakiwa madarasani. Kesho yake mashine haikuwaka hata taa ya mbele. Ilipofunguliwa ilinuka plastiki iliyoungua, na kwenye pawa saplai vile vikopo vidogo vya duara vilikuwa vimevimba vichwa. Fundi akasema mashine imekufa, nunueni nyingine. Kuhusu mashine alikuwa sahihi. Lakini diski ilikuwa nzima. Ilifunguliwa skrubu zake, ikachomolewa, ikaunganishwa na laptopu kwa waya wa adapta ya USB, na folda zote zikajitokeza kwenye skrini kama zilivyoachwa. Ile adapta ni ndogo, inaenea mfukoni, na ni afadhali ofisi kuinunua kabla ya kununua printa ya pili.

Kwa hiyo kompyuta isipowaka, msikimbilie kulia. Tofautisheni kifo cha mashine na kifo cha diski. Na mkiipeleka kwa fundi, mpeni maneno haya kwa maandishi: tunataka mafaili kwanza, mashine baadaye. Mafundi wetu wa mjini ni hodari, ila wapo wenye dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni kupiga Windows upya. Mashine inarudi inang'aa, na ndani hakuna kitu.

Diski yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, dalili zake hujulikana. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga au kukwaruza, zimeni hapo hapo. Msijaribu kuiwasha mara ya pili na ya tatu kuona kama itakubali, kwa sababu kila mzunguko unaweza kuongeza mikwaruzo juu ya uso ulioshika data. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza uacheni kabisa. Kama faili limefutwa kwa bahati mbaya, kumbukeni kwamba kwenye diski ya kuzunguka na kwenye flashi kompyuta haifuti maandishi papo hapo. Inafuta anwani tu na kutangaza kwamba nafasi iko wazi. Mkiendelea kuitumia, kazi mpya itakalia nafasi ya ile ya zamani. Acheni kuitumia, na programu ya kufufua mafaili isakinishwe kwenye kompyuta nyingine, si kwenye diski hiyo hiyo. Kwa diski za SSD, zile zisizozunguka, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu zenyewe hujisafisha haraka baada ya faili kufutwa.

Halafu kuna ugonjwa wetu wa stesheneri. Umechapisha barua dukani, ukirudi ofisini flashi imejaa shotikati na folda zako hazionekani. Watu wengi hapo huformati flashi kwa hasira. Mara nyingi mafaili yapo. Kirusi kimeyaficha tu. Msibofye zile shotikati. Iambieni kompyuta ionyeshe vitu vilivyofichwa, nakilini mafaili yenu mahali salama, skanini, ndipo flashi isafishwe. Flashi inayozunguka madukani haifai kuwa nakala ya akiba. Ni gari la kubebea mizigo, na liachwe lifanye kazi hiyo.

Virusi vingine ni vibaya zaidi. WannaCry ya Mei 2017 ilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia, na virusi vya ukoo huo hufunga pia diski yoyote ya nje iliyoachwa imechomekwa. Ndiyo maana diski ya akiba inachomekwa wakati wa kunakili tu, kisha inachomolewa. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zinazoendelea nayo ziko wazi zaidi kwa mashambulizi kuliko zilivyokuwa kabla ya hapo.

Nirudi kwenye ile droo. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ulianzia kwenye betri za UPS zilipokuwa zikihamishwa, yaani kile kifaa cha ulinzi chenyewe. Mfumo uliokuwa ukihifadhi kazi za watumishi wa umma, uitwao G-Drive, uliteketea na terabaiti 858. Hakukuwa na nakala nje ya jengo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Nchi inayoitengenezea dunia simu na diski iliweka flashi kwenye droo ya meza. Miaka minne kabla, Machi 2021, vituo vya kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, viliungua, na wapo wateja waliogundua kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo lile lile lililowaka. Basi anayesema ofisi yetu ni ndogo, haya ni ya wakubwa, afikirie tena. Mwenye mafaili yanayoenea kwenye diski moja ana kazi rahisi kuliko serikali ya Korea.

Mfano mzuri uko hapa hapa mkoani Kigoma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na kumbukumbu za sokwe wa pale zimeandikwa tangu wakati huo. Mei 1975 wanafunzi watatu na msaidizi mmoja wa utafiti walitekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Kazi haikusimama. Watanzania waliokuwa wakiwafuata sokwe msituni walikuwa wanajua fomu zile na namna ya kuzijaza, wakaendelea kuandika, kwa Kiswahili, siku hadi siku. Miaka ya 1990 karatasi hizo zilianza kukusanywa na mtafiti Anne Pusey kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, baadaye Duke, zikaingizwa kwenye kompyuta huko Marekani. Leo moto ukila banda la Gombe, historia ya sokwe haiungui nalo.

Kilichoiokoa kazi ile mwaka 1975 hakikuwa kompyuta. Walikuwepo watu zaidi ya mmoja waliojua kazi. Katika ofisi zetu mambo ni kinyume. Mhasibu mmoja ndiye anayejua faili la hisa liko folda gani, nywila ni ipi, na lipi ndilo la kweli kati ya “mwisho”, “mwisho mpya” na “mwisho kabisa 2”. Akienda likizo ya uzazi, au akihamia Kakonko, kompyuta nzima inayowaka vizuri inakuwa sawa na iliyokufa.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ambayo wataalamu huirudia mpaka leo: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Pendekezo langu la kuitekeleza kwetu ni hili. Ofisi za aina moja zilizoko Kasulu na Kibondo zitunziane. SACCOS ya Kasulu iweke diski yake kwenye sefu ya wenzao wa Kibondo, na wao vivyo hivyo. Ziwe diski mbili kwa kila ofisi, ili moja iwe huko wakati nyingine inaandikwa huku, na zibadilishane kila mwisho wa mwezi. Magari ya njia hiyo yapo kila siku, na kila mwezi kuna mtu wenu anayesafiri kwa kikao. Msimpe kondakta.

Diski inayosafiri ifungwe kwa nywila. Programu ya bure kama 7-Zip inatosha kulifunga faili kwa usimbaji wa AES wa biti 256, na nywila iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyogongwa muhuri, ikae kwa meneja. Hili sasa ni suala la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu azilinde. Wenzetu mliowahi kushika orodha za wakimbizi mnajua bila kuambiwa na sheria kwamba jina la mtu na kijiji alichokimbia havipaswi kuokotwa kwenye basi. Walio serikalini wapate kwanza idhini ya mwajiri kabla ya faili lolote kuvuka wilaya.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie Google Drive yakaisha. Itumieni, gigabaiti 15 za bure zinabeba hesabu za SACCOS kwa miaka mingi. Ila isiwe nakala yenu pekee. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimika nchi nzima, na ikapita siku kadhaa tena kabla ya kurudi. Aliyekuwa na malipo ya kufanya siku hizo na hesabu zake ziko mtandaoni tu, alikaa akisubiri. Akaunti nayo ifunguliwe kwa jina la ofisi, na laini ya simu ya kuthibitisha iwe ya ofisi. Karani wa mkataba akiondoka na laini yake, ameondoka na ufunguo.

Karatasi msiidharau. Wenye zahanati bado wana vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA, na takwimu zikipotea kwenye kompyuta, rejista inaweza kusomwa upya. SACCOS ichapishe orodha ya salio la kila mwanachama kila mwezi, isainiwe, ifungwe kwenye faili la jalada gumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahasibu mmelikariri hilo tangu chuoni. Walimu wa taaluma nao wachapishe alama mwisho wa muhula kabla ya kwenda likizo.

Limebaki zoezi, nalo ndilo lililonileta. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine haijulikani kama ni nakala. Baada ya chai kila mmoja abadilishane mashine na jirani yake, achomeke flashi au diski aliyokuja nayo, afungue faili moja la mwaka huu na moja la mwaka 2023, asome mstari wa mwisho wa kila moja kwa sauti. Mratibu ataandika la nani limefunguka na la nani limegoma. Yaliyogoma nitayashughulikia hapa hapa hadi saa kumi na moja; njoni na flashi yenyewe, na tafadhali msiwe mmeshaiformati.