Mbwa Dume wa Kazi na Kisu cha Kuhasi



Kauli iliyonileta kwenye mimbari hii niliisikia katika kikao cha wakufunzi wa mbwa wa ulinzi. Mkufunzi mmoja, ambaye kazi yake naiheshimu, alisema mbwa dume akishahasiwa amekwisha: pua inalala, ari inazima, anabaki kunenepa bandani. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyedai ushahidi.

Kwamba testosteroni hushuka upesi baada ya korodani kuondolewa, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya kazi ya homoni hiyo. Mbwa hanusi kwa korodani. Na ile ari ya kuukimbilia mpira, ambao ndio ujira wa mbwa anayetafuta baruti au pembe za ndovu, huonekana kwa watoto wa mbwa kabla hawajabalehe. Huonekana kwa majike pia! Kama ari ingetoka korodanini, jike asingefaa kazi hata siku moja; ilhali majike wananusa mizigo bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Mashirika ya mbwa wanaoongoza wasioona, mfano The Seeing Eye la Marekani lililoanzishwa mwaka 1929, kwa desturi huwahasi mbwa wasiotengwa kwa uzazi, kisha huwakabidhi maisha ya watu katikati ya magari.

Kinachopungua kweli ni kitu kingine. Mwaka 1976 Hopkins, Schubert na Hart walichapisha habari za madume 42 waliohasiwa wakiwa wamekomaa. Miongoni mwa waliokuwa wazururaji, takriban tisa katika kumi walitulia. Miongoni mwa wagomvi kwa madume wenzao, takriban sita katika kumi. Hiyo ni hasara ya kazi? Nikiwa daktari wa mifugo kijana niliandamana na msako wa ng'ombe walioibwa. Mbwa alishika nyayo vizuri tangu alfajiri, mpaka tulipopita boma lenye jike aliye kwenye joto. Msako ukaishia hapo. Dume yule alikuwa mzima kabisa, na wezi walikwenda zao.

Hoja ya wapinzani yenye uzito haihusu ari. Inahusu mifupa, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu nampenda sana shahidi wangu. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika, katika kitabu chake cha historia ya wanyama, kwamba mnyama akihasiwa mchanga huwa mkubwa kuliko mwenzake asiyehasiwa, lakini akihasiwa baada ya kukomaa haongezeki tena. Hakuwa na eksirei wala hakujua homoni ni nini. Alikuwa na macho, na aliwasikiliza wafugaji. Leo tunajua kwamba homoni za uzazi ndizo zinazoamuru gegedu za ukuaji zifunge. Zikikosekana mapema, mifupa ya miguu huendelea kurefuka na viungo hukosa ulinganifu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua kumbukumbu za mbwa 1,170 wa aina ya German Shepherd. Kati ya madume wasiohasiwa, asilimia 7 walipata ugonjwa wa viungo. Kati ya waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, asilimia 21. Mbwa mwenye nyonga mbovu haruki ukuta, hata awe na ari ya simba.

Zipo pia tafiti za madodoso zinazohusisha kuhasi na woga. Nazipima kwa tahadhari, maana mara nyingi mbwa huhasiwa kwa sababu tayari ana tabia iliyomchosha mwenyewe. Unene nao hutokana na bakuli: aliyehasiwa apunguziwe chakula. Na dume asiyehasiwa ana yake uzeeni, tezi dume ikianza kutanuka.

Msimamo wangu, basi, haujatikisika. Dume wa kazi asiyehitajika kwa uzazi ahasiwe, lakini baada ya mifupa kukomaa, si kabla ya kutimiza mwaka, na kwa mbwa wakubwa tungoje zaidi. Kufaulu au kushindwa kwake baada ya hapo kutategemea zaidi mkono wa askari anayemwongoza.

Nawaomba wakuu wa vikosi vya mbwa waliopo hapa: kila mbwa awe na daftari lake, liandikwe umri wa kuhasiwa, uzito wa kila mwezi na matokeo ya kila zoezi, kabla na baada. Idara yetu iko tayari kuyasoma madaftari hayo pamoja nanyi.