Kripsi za Viazi Bila Karai la Mafuta

Msikilizaji, kama nyumbani kuna maikrowevu, kripsi za watoto unaweza kuzitengeneza kwa kijiko kimoja tu cha mafuta. Menya viazi mviringo, uvikate vipande vyembamba, unene wa milimita 2 hivi. Viloweke kwenye maji baridi ili wanga wa juu utoke, kisha uvikaushe kwa kitambaa safi. Hapo usiharakishe, kwani kipande chenye majimaji huiva kikabaki laini. Vipake mafuta na chumvi kidogo, uvipange kwenye sahani ya kauri bila kupandana. Sahani ya bati, au yenye nakshi za dhahabu, isiingie kwenye maikrowevu kabisa, hutoa cheche.

Anza na dakika 3, geuza, kisha ongeza dakika moja moja huku ukitazama. Vitoe vikiwa vya manjano, kwa maana vikiungua huwa na akrilamidi nyingi zaidi, kemikali inayohofiwa kuchangia saratani. Vikipoa ndipo vitakapokuwa vikavu na kukatika kwa mlio.

Na tafadhali, mzazi mwenzangu, kiazi kilichogeuka kijani huenda kina sumu ya solanini, na moto wa jikoni hauimalizi. Kitupe.