MAWE MAWILI YALIYOZALIWA NA MOTO

Yako mambo ambayo mtu huyakanyaga kila siku asiyajue. Mojawapo ni jiwe. Katika nchi ya Kaikor, kaskazini ya Lodwar na Kakuma, wengi husema kwamba jiwe ni jiwe tu. Lakini afikiriye kuchimba kisima sharti ajue ni jiwe gani lililo chini ya miguu yake.

Katika milima ya kaskazini ya Turkana yako mawe ya namna mbili yaliyotoka katika moto wa ardhini, mamilioni ya miaka iliyopita. La kwanza huitwa bazalti, la pili riolaiti. Yote mawili yalikuwa uji wa mwamba ulioyeyuka. Lakini tabia zao si moja.

Bazalti hutoka mbali sana chini, ikapanda upesi. Katika sehemu 100 za jiwe hili, karibu 50 ni silika, yaani madini yaliyo katika mchanga mweupe. Chuma nacho ni kingi. Ilipotoka ilikuwa na joto la digrii 1,000 hadi 1,200 za Selsiasi, ikatiririka kama uji mwepesi na kuenea mbali, tabaka juu ya tabaka. Ni jiwe jeusi na zito. Lipoapo huweza kupasuka kuwa nguzo. Na nguzo za kale zilizosimamishwa na watu huko Namoratunga, karibu na Kalokol, ni za bazalti.

Riolaiti huwa na silika karibu 70 au zaidi katika sehemu 100. Hutokea pale uji unapokawia ndani ya gamba la dunia na kupoteza chuma chake, au gamba lenyewe linapoyeyuka. Joto lake ni dogo zaidi, na uji wake ni mzito kama ugali. Hewa iliyomo hukosa njia, kisha hulipuka na kurusha majivu. Jiwe lake kwa kawaida ni jepesi kidogo, lenye rangi ya kijivu cheupe au wekundu hafifu. Lakini rangi yaweza kudanganya: riolaiti ikipoa ghafula huwa kioo cheusi.

Sasa, maji yako wapi? Mawe haya yakiwa mazima hayashiki maji. Maji hukaa katika nyufa, na mahali tabaka moja lilipolala juu ya jingine, pakiwa na mchanga au jiwe lililooza katikati. Majivu yaliyogeuka udongo wa mfinyanzi huyazuia maji yasipite. Ndiyo maana visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana, kimoja kikatoa maji na kingine kikawa vumbi.

Tena iko hatari isiyoonekana kwa macho. Maji yaliyokaa katika mawe ya volkano, hasa ya namna ya riolaiti, mara nyingi huchukua floraidi. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huweza kugeuka rangi ya kahawia. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Kuyachemsha maji hayo hakuiondoi.

Basi yafaa watu wapime mara mbili: jiwe kabla ya kuchimba, na maji kabla ya kunywa.