MTOTO AKIFUNGWA, MZAZI ASITOZWE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi na wazazi, Gotu)



Sisi watu wa reli tumekuja hapa pasipo na reli kwa kuwa jambo hili lamhusu kila mzazi. Mtoto akikosa, serikali ikamfunga, ni nani alipe chakula chake na malazi yake huko? Sisi twasema: alipe aliyemfunga.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1854 iliruhusu mzazi atozwe hata shilingi tano kwa juma, mtoto wake akipelekwa shule ya marekebisho. Katika California, Marekani, wazazi walitozwa kwa kila siku mtoto aliyokaa ndani. Mama mmoja aliuza nyumba yake ili alipe, na bado akadaiwa. Wilaya ya Alameda ilipopiga hesabu, iliona kwamba zaidi ya nusu ya fedha iliyopatikana ilikwisha katika kazi ya kuikusanya. Mwaka 2016 ikaacha. Mwaka 2017 jimbo zima lilipitisha sheria ya kukomesha ada hizo, ikaanza tarehe 1 Januari 2018. Hata hivyo madeni ya zamani yalibaki, mpaka sheria nyingine ya mwaka 2020 ikayafuta. Sisi wa chama twalielewa jambo hilo: ukidai mshahara mpya, usisahau malimbikizo.

Wazee wa Isiolo wanajua maana ya kulipia kosa la mwingine. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Adhabu ya Pamoja: wachache wakikosa, wote wakatozwa. Na katika vita vya shifta, 1963 hadi 1967, mifugo mingi ya huku ilikamatwa au kuuawa, na wenye mifugo wengi hawakushika bunduki.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto asizuiliwe ila iwe ni njia ya mwisho, tena kwa muda mfupi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Ni hatua njema. Lakini mahakama ikimtoza mtoto faini, mtoto hana mfuko. Mfuko ni wa mzazi. Na akipelekwa mbali, nauli ya kwenda kumtazama ni ya mzazi vile vile.

Wengine husema: mzazi asipolipa, atalegeza malezi. Twawajibu hivi: mshahara ukikatwa, au mbuzi wakiuzwa, wanaolala na njaa ni wadogo zake yule mtoto, nao hawakukosa neno. Kodi tumekwisha kulipa. Hata tukinunua sabuni twalipa. Tusilipishwe mara mbili.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, gharama za kumweka mtoto kizuizini zitoke katika hazina ya serikali, asitozwe mzazi. Pili, mahakama isimtoze mtoto faini ambayo yajulikana mzazi wake hawezi kuilipa. Tatu, mzazi maskini asaidiwe nauli, maana mtoto asiyetembelewa hurudi nyumbani akiwa mgeni.

Ndugu, lizungumzeni jambo hili katika matawi yenu, mwandike mliyokubaliana, mmpelekee katibu. Tukisema pamoja tutasikiwa.